Tumuwahi kabla hajafa

Na Mwandishi Wetu

“TUMUWAHI kabla hajafa.” Ni maneno machache ambayo huenda hata wewe, ndugu msomaji, umepata kuyasikia au kuyatamka. Mbuzi amelala tangu alfajiri, majani hayataki, macho yamelegea. Kondoo aliyekuwa na mimba ameitupa usiku na sasa miguu inamtetemeka. Baba mwenye nyumba anamtazama, anakumbuka bei aliyomnunulia mnadani, kisha anaagiza kisu kiletwe.

Hakuna ubaya katika nia yake. Muislamu hali kibudu. Mnyama akikata roho kabla ya kuchinjwa, mali imekwenda: hailiki wala haiuziki. Akiwahiwa, angalau watoto watapata kitoweo na jirani atapelekewa fungu lake. Kwa familia ambayo akiba yake yote ni mbuzi watano, hiyo ni hesabu ya kuendesha maisha, na anayeicheka hajawahi kuishi kwa mifugo.

Hata hivyo, haraka hiyo ya kumuwahi mnyama mgonjwa ni mojawapo ya milango mipana ambayo maradhi mapya huitumia kutoka zizini na kuingia nyumbani. Wataalamu wanakadiria kwamba takriban robo tatu ya maradhi ya kuambukiza yanayoibuka upya kwa wanadamu asili yake ni wanyama. Katika makala haya tutayatazama kwa kupitia ugonjwa mmoja uliozaliwa katika ardhi yetu ya Afrika Mashariki, ukatuua sisi na mifugo yetu, ukavuka bahari hadi Bara Arabu, na ambao mwaka mmoja ulitukuta tukijiandaa kwa Idi ya kuchinja. Ugonjwa huo ni Homa ya Bonde la Ufa.

Idi ya mwaka 2006

Miezi ya mwisho ya mwaka 2006 mvua kubwa zilinyesha katika Pembe ya Afrika, zikichangiwa na hali ya El Niño. Kaskazini mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia, nchi iliyozoea ukame iligeuka kuwa maji matupu. Wafugaji walishukuru, kwani malisho yalirudi. Kisha mbu wakatanda. Baada ya mbu, kondoo na mbuzi wakaanza kutupa mimba, na wanakondoo wachanga wakafa kwa wingi. Baada ya mifugo, watu wakaanza kuugua homa kali, na baadhi yao wakatokwa na damu puani na kwenye fizi.

Mwezi wa Desemba vipimo vya maabara vilithibitisha kuwa ni Homa ya Bonde la Ufa, na Garissa ndiyo iliyokuwa kitovu chake cha mwanzo. Hizo ndizo siku ambazo Waislamu wa eneo lile, walio wengi mno, walikuwa wakijiandaa kwa Idi el-Adh-ha, ambayo mwaka ule iliangukia siku za mwisho za Desemba. Serikali ililazimika kufunga masoko ya mifugo na kuzuia uchinjaji katika maeneo yaliyoathirika. Mji unaoishi kwa mnada wa ng’ombe, mbuzi na ngamia ukakaa kimya, na hata Nairobi watu waliogopa kununua nyama buchani.

Januari 2007 ugonjwa ulikuwa umekwishaingia Tanzania. Ulianzia upande wa kaskazini, katika mkoa wa Arusha, kisha ukashuka hadi mikoa ya kati, na Dodoma ndio mkoa ulioumia kuliko yote. Ulipokoma, Kenya ilikuwa imeripoti wagonjwa 684, na zaidi ya 150 miongoni mwao walifariki. Somalia iliripoti wagonjwa 114 na vifo 51. Tanzania iliripoti wagonjwa 264, na zaidi ya 100 walifariki. Hao ni waliofika hospitali au waliojulikana. Wengi zaidi waliugua majumbani, wakadhani ni malaria, wakapona bila ya kuhesabiwa. Katika mlipuko uliotangulia, wa mwaka 1997 na 1998, watafiti waliopima damu za watu baada ya tukio walikadiria kwamba katika wilaya ya Garissa peke yake watu wapatao 27,500 walikuwa wameambukizwa.

Utafiti huo wa Garissa uligundua jambo jingine la kuzingatiwa na kila mwenye nyumba. Walioambukizwa zaidi walikuwa wale waliogusa damu na majimaji ya kondoo, na wale waliolaza mifugo ndani ya nyumba wanamoishi.

Ugonjwa unaosubiri mvua

Homa hii ina kumbukumbu ndefu. Ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1931 na Robert Daubney na wenzake, waliochunguza vifo vya wanakondoo na kutupa mimba kwa kondoo katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, nchini Kenya. Ndipo ikapewa jina la bonde lile.

Chanzo chake ni kirusi kinachobebwa na mbu. Mbu wa jamii iitwayo Aedes hutaga mayai kwenye udongo wenye unyevu, pembezoni mwa vibonde vinavyojaa maji wakati wa mafuriko. Jike aliyeambukizwa huweza kukirithisha kirusi mayai yake. Maji yakikauka mayai hayafi. Hukaa udongoni mwaka hata mwaka yakiwa makavu, na kirusi kimo ndani yake. Siku mvua kubwa ikinyesha na kibonde kikafurika kwa muda wa kutosha, mayai huanguliwa, na mbu wanaotoka huanza kunyonya damu ya mifugo iliyokuja kunywa maji hapo hapo.

Damu ya kondoo, mbuzi au ng’ombe aliyeambukizwa hujaa virusi kwa wingi. Mbu wa aina nyingine, hasa wale wanaozaliana kwenye madimbwi yanayobaki, humuuma mnyama huyo na kumpelekea mwingine. Ndiyo maana milipuko mikubwa hupita miaka mingi bila kuonekana, kisha hurudi na mvua zisizo za kawaida. Watu husema ugonjwa umekuja, ilhali ulikuwa pale pale ardhini, chini ya kwato.

Dalili yake kubwa kwa mifugo haifichiki. Katika zizi lililoambukizwa, karibu kondoo wote wenye mimba huitupa, wa mimba changa na wa mimba pevu, kwa siku chache. Wanakondoo wachanga hufa kwa wingi, pengine zaidi ya tisa katika kila kumi. Kondoo wakubwa wengi husalimika. Ng’ombe na ngamia nao hutupa mimba, ingawa ngamia aghalabu haonyeshi dalili nyingine.

Unavyoingia nyumbani

Wengi wakisikia kwamba ugonjwa huletwa na mbu hudhani kinga yake ni chandarua tu. Chandarua kina faida, lakini watu wengi wanaougua homa hii huipata kwa mikono yao. Kirusi huingia kupitia mchubuko au kidonda kidogo, jeraha la kisu, au matone ya damu yanayoruka machoni na mdomoni. Anayechinja yumo hatarini. Vivyo hivyo anayemchuna ngozi, anayetoa utumbo, anayeosha matumbo, anayekatakata nyama mbichi jikoni, anayemsaidia kondoo kuzaa, na anayeokota mimba iliyotupwa ili mbwa wasiile.

Tukiitazama orodha hiyo kwa makini tutaona kwamba imejaa akina mama na watoto. Katika familia nyingi za wafugaji, mwanamume hukata shingo na kuondoka, na kazi iliyobaki huwa ya mke na mabinti. Wao ndio wanaokamua maziwa, wanaoamka usiku mnyama akizaa, na wanaofagia zizi asubuhi. Mgawanyo huo wa kazi ni wa kawaida na hatuulaumu. Tunachosema ni kwamba mafunzo ya kujikinga yakitolewa kwa wanaume peke yao mnadani, nusu ya walio hatarini hawatayasikia.

Mtu aliyeambukizwa huanza kuugua baada ya siku mbili hadi sita. Hupata homa ya ghafla, maumivu ya kichwa, misuli na viungo, na pengine shingo kukakamaa na macho kushindwa kuvumilia mwanga. Walio wengi hupona ndani ya wiki moja. Wachache hufikwa na makubwa. Wako ambao macho huingia ukungu, na baadhi yao uoni haurudi tena. Wako ambao ugonjwa hufika kwenye ubongo. Na wako wachache, chini ya mmoja katika kila mia, ambao ini huharibika, wakapata manjano, wakatapika damu na kutokwa na damu puani au kwenye fizi. Katika kundi hili la mwisho takriban nusu hufariki, mara nyingi ndani ya siku tatu hadi sita tangu dalili zianze. Hakuna dawa maalumu ya kukiua kirusi hiki. Madaktari humsaidia mgonjwa kwa maji, damu na matunzo mpaka mwili wake ushinde.

Kuna jambo moja la faraja ambalo lazima lisemwe waziwazi. Hadi sasa haijathibitika kwamba mtu humwambukiza mtu mwenzake homa hii katika maisha ya kawaida. Mgonjwa asikimbiwe wala asitengwe na jamaa zake. Anayemuuguza ajihadhari na damu yake, kama inavyopasa kwa mgonjwa yeyote.

Na nyama je? Nyama iliyopikwa ikaiva sawasawa haina hatari, kwa kuwa moto huua kirusi, na maziwa yaliyochemshwa ni hivyo hivyo. Hatari iko kabla ya jiko. Kwa hiyo anayesema, “Tumeila na hatukudhurika,” huenda anasema kweli kuhusu sahani yake, lakini hajasema lolote kuhusu mikono ya aliyeiandaa.

Waliojua kabla ya maabara

Baada ya mlipuko wa 2006 na 2007, watafiti walikwenda kuwauliza wafugaji wa kaskazini mashariki mwa Kenya na wa Tanzania waliyoyaona. Ilidhihirika kwamba wafugaji Wasomali waliutambua ugonjwa huu kwa usahihi wa ajabu. Walikuwa na jina lao, sandik, linaloashiria kutokwa na damu puani. Walizijua mvua zake na mbu wake, na walijua kwamba mimba zikianza kutupwa kwa mkumbo hali si ya kawaida.

Kutokana na maelezo yao watafiti walikadiria mfuatano wa matukio. Tangu mvua kuanza hadi mbu kutanda zilipita kwa wastani siku kama 24. Tangu mbu kutanda hadi mnyama wa kwanza kuugua, siku kama 17. Tangu mnyama wa kwanza hadi mtu wa kwanza kuugua, siku 17 au 18 nyingine. Kwa jumla ni karibu miezi miwili. Ndani ya miezi hiyo miwili ishara zilikuwa wazi mbele ya macho ya mchungaji, na zaidi ya wiki mbili za mwisho mifugo ilikuwa ikiugua peke yake kabla ya mwanadamu wa kwanza kulala kitandani.

Mbali huko juu nako ishara zilionekana. Wanasayansi wa Marekani, akiwemo Assaf Anyamba, walikuwa wakifuatilia kwa setilaiti joto la bahari, mvua na kijani cha malisho, wakaona kuwa hali ya Pembe ya Afrika inafanana na ile ya 1997. Tahadhari ilitolewa, na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likazionya nchi husika mnamo Novemba 2006. Basi setilaiti ilijua na mchungaji alijua. Katikati yao palikuwa na barabara zilizokatwa na mafuriko, ofisi zisizo na magari, na watu wasio na mazoea ya kumuuliza mfugaji anaona nini. Hatua nyingi zikachukuliwa baada ya watu kuanza kufa.

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Mnyama ni mlinzi wa kwanza wa mwanadamu. Anaugua mbele yetu, na ugonjwa wake ni habari. Anayemuwahi kwa kisu na kuimaliza habari hiyo sufuriani ameila nyama, lakini amelizima tangazo lililokuwa limeletwa kwa ajili ya kijiji kizima.

Bahari haikuuzuia

Huenda mkazi wa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar akaona kwamba hayo ni ya wafugaji wa bara. Historia ya ugonjwa huu inasema vingine. Mwaka 1977 uliingia Misri, nchi ambayo haikuwa imeujua, na watu wanaokadiriwa kufikia 200,000 wakaambukizwa, wakafa 598 kwa hesabu rasmi. Mwaka 2000 ulionekana kwa mara ya kwanza nje ya bara la Afrika, katika eneo la Jizan nchini Saudi Arabia na katika nchi jirani ya Yemen. Mamia waliugua na zaidi ya 200 wakafariki katika nchi hizo mbili. Kirusi kilichopatikana huko kilipochunguzwa kilifanana sana na kile cha Afrika Mashariki cha miaka ya 1997 na 1998. Ng’ambo ya Bahari ya Shamu kilivuka, na biashara ya mifugo ndiyo inayodhaniwa kuwa chombo chake.

Matokeo yake yaliwaumiza watu ambao hawakuugua kamwe. Saudi Arabia, ambako kila mwaka kondoo na mbuzi kwa mamia ya maelfu huhitajika wakati wa Hija, ilizuia mifugo kutoka Pembe ya Afrika. Kwa Wasomali, ambao bandari zao huishi kwa kusafirisha mifugo kwenda Arabuni, zuio hilo lilikuwa pigo kubwa. Liliondolewa mwaka 2009, takriban miaka tisa baadaye. Kenya nayo ilikadiriwa kupoteza zaidi ya shilingi bilioni mbili katika mlipuko wa 2006 na 2007, kwa mifugo iliyokufa na biashara iliyosimama.

Ugonjwa haujaondoka. Uganda iliugundua tena huko Kabale mwaka 2016, baada ya takriban nusu karne bila kuuona kwa wanadamu. Rwanda na Burundi ziliupata kwenye mifugo mwaka 2022. Wala si ugonjwa pekee wa aina hii. Homa ya mapafu ijulikanayo kwa kifupi cha MERS, iliyogunduliwa Saudi Arabia mwaka 2012, imehusishwa na ngamia, na mahujaji wetu hushauriwa kutosogelea ngamia wala kunywa maziwa yao mabichi. Majina ya maradhi hubadilika, lakini njia ni ile ile: mnyama, mkono usiokingwa, kisha nyumba.

Dini yetu imekwishasema nini

Msomaji anaweza kuuliza: mnyama mgonjwa akichinjwa kwa jina la Allah akiwa hai, si halali? Suala la uhalali waulizwe masheikh, nao wana maelezo yake. Lakini Qur’ani Tukufu inapozungumzia chakula inaifungamanisha halali na kilicho kizuri. Kuruhusiwa kitu ni jambo moja, na kitu hicho kuwa salama kwa mkeo na wanao ni jambo jingine linalohitaji kutazamwa.

Kwa upande wa udhiya, jambo liko wazi zaidi. Imepokewa kutoka kwa Mtume Muhammad (rehema na amani za Allah ziwe juu yake) kwamba miongoni mwa wanyama wasiofaa kwa udhiya ni mgonjwa ambaye ugonjwa wake ni dhahiri, pamoja na chongo, kilema na aliyekonda kupita kiasi. Kwa hiyo anayenunua kondoo dhaifu kwa bei ya kutupa siku mbili kabla ya Idi amejipunguzia ibada na amejiongezea hatari kwa wakati mmoja.

Aidha, imo katika mafundisho yake kwamba mwenye wanyama wagonjwa asiwaingize kwa wenye wanyama wazima. Anayempeleka mnadani mnyama wa zizi lenye ugonjwa, huku akinyamaza, anaivunja adabu hiyo na kumdanganya mnunuzi. Na ni mashuhuri kisa cha Sayyidna Omar bin Khattab (Allah amridhie), alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni iliyoingia huko. Alishauriana na wenzake, akaamua kurudi na watu wake. Alipoulizwa iwapo anaikimbia kadari ya Allah, alieleza kwamba anatoka katika kadari ya Allah kwenda katika kadari ya Allah. Mfano aliompa aliyemuuliza ulikuwa wa mchungaji mwenye ngamia, aliyepata bonde lenye upande wa rutuba na upande mkavu. Kutawakali hakukumzuia kutumia akili ya mchungaji.

Nani alipe hasara?

Ni rahisi kuandika gazetini kwamba mnyama mgonjwa asichinjwe. Ni vigumu kulitekeleza pale kondoo anayetakiwa kuzikwa ndiye karo ya mtoto. Na hapa tuwe wakweli. Mfugaji anayetoa taarifa hupata hasara mara mbili: mnyama wake anapotea, na soko la kijiji linafungwa kwa sababu ya maneno yake. Anayenyamaza huuza upesi na kuondoka na fedha. Maadamu hali ni hiyo, tusishangae wengi wakinyamaza.

Serikali zina wajibu wake hapo, na wananchi wana haki ya kuuliza wajibu huo unatekelezwaje. Lakini jamii ya Waislamu inayo hazina yake. Misikiti yetu hukusanya sadaka kwa msiba, kwa ujenzi na kwa safari ya mgonjwa. Je, ni vigumu mno kutenga fungu la kumfuta machozi mfugaji aliyezika kondoo wake ili majirani wasiugue? Na ikiwa hasara imemfikisha kwenye umasikini, zaka ina mlango wake kwa ajili ya mtu wa namna hiyo. Huyu ameilinda mitaa yetu kwa mali yake, na ni haki tumshike mkono. Mfugaji akijua kwamba hatabaki peke yake, ulimi wake utafunguka mapema, na zile wiki mbili kabla ya mtu wa kwanza kuugua hazitapita bure.

Ya kuzingatia nyumbani

Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Miladia kwa siku kama 11, hivyo Idi huzunguka katika misimu yote. Iko miaka itakayoangukia kiangazi na iko itakayoangukia mvua. Yafuatayo yazingatiwe wakati wote, na zaidi baada ya mafuriko.

Kwanza, mnyama anunuliwe mapema na kutoka kwa mtu anayefahamika. Muulize muuzaji kama katika zizi lake kuna wanyama waliotupa mimba au wachanga waliokufa. Akae nyumbani siku kadhaa, atazamwe anavyokula na anavyotembea. Mwenye uwezo amchinjie katika machinjio yanayokaguliwa.

Pili, mnyama akiugua, asichinjwe wala asiuzwe. Aitwe afisa mifugo. Akifa, afukiwe katika shimo refu pasipofikiwa na mbwa, kwa maelekezo ya afisa huyo. Mimba iliyotupwa na kondo lake zisiguswe kwa mikono mitupu.

Tatu, wanaochinja na kuchuna wavae glavu, viatu vya kufunika miguu na kitu cha kukinga macho. Mwenye kidonda mkononi na mama mjamzito wakae mbali. Watoto wapewe kazi nyingine ya Idi, kwani haikosekani. Damu ifukiwe, visu na mikono vioshwe kwa sabuni na maji mengi.

Nne, nyama iive na maziwa yachemshwe. Mifugo isilazwe chumba kimoja na watu, na familia ilale ndani ya chandarua.

Tano, chanjo ya mifugo ipo, na mahali pake ni kabla ya mlipuko. Ugonjwa ukiwa umekwishaingia, sindano moja ikitumika kwa wanyama wengi huusambaza zaidi. Na kwa kuwa chanjo ya zamani yaweza kusababisha kondoo kutupa mimba, daktari wa mifugo ndiye wa kuamua. Kwa watu wa kawaida hakuna chanjo iliyoidhinishwa hadi sasa.

Sita, ukipata homa baada ya kushika mnyama, usiishie kumweleza daktari kwamba unaumwa kichwa. Mwambie, “Wiki hii nilichinja,” au “Kondoo zetu zinatupa mimba.” Sentensi hiyo moja yaweza kumwondoa kwenye dhana ya malaria na kumpeleka kwenye kipimo sahihi, na yaweza kuwa ndiyo taarifa ya kwanza kwa wilaya nzima.

Tumrudie yule baba aliyeagiza kisu. Kondoo amelala, jua linapanda, na mke amesimama mlangoni akiwa na beseni, akisubiri kuambiwa aoshe utumbo. Mkononi ana mchubuko wa kuni alioupata jana. Baba anaweza kumuwahi mnyama, na wakala usiku huo. Anaweza pia kukirudisha kisu mahali pake, akachukua simu, akamwita afisa mifugo, kisha akapita msikitini baada ya adhuhuri kumweleza imamu yaliyomfika. Atakuwa amepoteza kondoo mmoja. Tunamuomba Allah amlipe badala yake, na tunajiombea sisi majirani zake tuwe sehemu ya badala hiyo.